Sanamu Isiyoitikia Salamu

Kihesa, Jumamosi, Machi 1956

Eti nikaifundishe adabu! Sanamu ya kufukuzia ndege, niliyoivika koti la baba kwenye shamba letu la ulezi.

Babu jirani, ambaye macho yake yamepungua nguvu, ameisalimu "Kamwene" siku tatu bila kujibiwa. Leo asubuhi amemlalamikia baba kwamba mgeni wetu ana dharau. Baba akaona aibu kumwambia ukweli.

"Wewe ndiye uliyemuumba," akanifokea, "nenda ukamwitikie."

Shuleni tulisoma riwaya ya mtu aliyeunda kiumbe kisha akakikimbia. Niliandika kwamba ni mwoga. Leo, baada ya kuchutama nyuma ya sanamu mchana kutwa, nimemwelewa.

Babu alipopita, nikaitika kwa sauti nzito. Akafurahi sana.

"Kumbe una adabu," akaiambia. "Si kama yule kijana wa hapa. Leo hajanisalimu kabisa."