Mjomba Tuliyemwita Jirani

Umetimia mwaka mmoja, Mjomba Stefano, tangu ulipotuacha tarehe 9 Juni 1975, hospitalini Kilosa.

Ulitoka Ubena kuja kukata mkonge, ukiwa huna mtu hapa. Pasaka ya 1958 ulibatizwa pamoja na mama yetu, Agnesi, na tangu siku hiyo ukamwita dada. Sisi ukatuita wapwa zako. Tulicheka. Tulikuamkia, "Shikamoo, Mzee Stefano," nawe ukaitika, "Marahaba, wajomba," bila kuchoka.

Ulikuwa mtu wa kamba. Sidhani kama kuna mbuzi kijijini kwetu ambaye hakufungwa kwa katani uliyoisokota wewe. Kanisani uliimba kwa kuwatangulia wenzako, ukamaliza ubeti peke yako, ukakaa umeridhika kabisa. Tulipohamia kijiji cha ujamaa mwaka 1974, ulijenga kwanza nyumba ya mama. Yako uliiezeka mvua zikiwa zimeshaanza.

Linalotuuma ni posa ya ndugu yetu Letisia, mwishoni mwa mwaka huo. Kwetu milimani binti haozwi bila mjomba wake, na mama hakuwa na kaka aliye hai. Ulikuja umevaa koti, ukakaa mkekani. Tukakuambia, "Mzee, hapa wanakaa wajomba wa damu."

Mama akasema, "Huyu ni kaka yangu. Baba yetu ni mmoja, yuko mbinguni."

Hatukumsikiliza. Tulikuwa tumeshamleta mtu wa ukoo kutoka Malolo, ambaye hata jina la binti aliliuliza mara mbili. Wewe ukasema, "Haya, wanangu," ukaenda kuwachochelea wapishi moto.

Hata hilo halikutufundisha. Ulipolazwa, muuguzi aliuliza ndugu wa mgonjwa ni nani. Mimi Marko, niliyekupeleka, nilijibu, "Hana ndugu huku. Mimi ni jirani tu." Ulikuwa macho. Ulinitazama, ukaniomba maji, ukanywa, ukanishukuru. Nilikusudia kukuomba radhi kesho yake. Kesho yake nikakuta kitanda kimetandikwa upya.

Tulipotaka kupeleka taarifa kwenu, tukagundua hakuna aliyekijua kijiji chako. Miaka kumi na saba ulituuliza habari zetu zote, za shamba, za shule, hata za jino la mtoto. Sisi hatukukuuliza hata jina la mama yako. Tunaona aibu kuliandika hili, lakini ni kweli, na wasomaji walijue.

Kila Jumapili tulisema "Baba yetu" tukiwa benchi moja nawe. Wewe ulikuwa unaamini unachosema. Utusamehe, Mjomba.

Unakumbukwa na dada yako Agnesi, wapwa zako Marko, Letisia na Hildegarda, mkweo Cornel, na mjukuu wako Verdiana, ambaye hukuwahi kumwona.

Akuulizaye huko ulikotangulia, mwambie unao watu Kilosa. Tutakukumbuka daima, sisi ndugu zako.