Mbuzi kwa Mbuzi, Mtu kwa Mtu

Jumatatu, 1 Machi 1971

Daftari jipya. Naandika kwa Kiswahili tena, maana Kiingereza cha ofisini hapa mpakani kinanichosha, na bosi wangu Bwana Yafesi Kiswahili hakijui wala hataki kukijua. Anasema ni lugha ya askari na wapagazi. Vizuri! Hata nikilisahau daftari mezani, hatapata kitu.

Leo ni siku ya wakimbizi kutia sahihi. Foleni mpaka nje ya uzio. Wakongo watupu, wengi wako hapa Bwera tangu vita vya kwao vya sitini na nne. Mimi natafsiri, nachapa, napiga muhuri. Wa kwanza kama kawaida ni Mwalimu Katembo Sosthène — tai shingoni, viatu vinang'aa. Swali lake ni lile lile kila Jumatatu.

"Mademoiselle, jibu ya Kampala ilishakuya?"

"Bado, mwalimu."

"Haina neno. Mi niko."

Ombi lake la ukimbizi lina miaka sita huko Kampala. Serikali ya kwao inamtaka: ati aliwaandikia waasi matangazo. Yeye anasema waasi walikalia shule yake na yeye akaendelea kufundisha hesabu, basi. Bwana Yafesi anasema huyu ni mzigo tu. Mimi nasema angalau ni mzigo unaooga.

Kazi nyingine: mbuzi! Mbuzi wa ng'ambo, upande wa Kongo, wamevuka tena mto Lhubiriha, wamekula mihogo ya watu wa Nyakiyumbu. Tumewafunga nyuma ya ofisi mpaka Ijumaa, siku ya soko. Bosi na komisera, mkuu wa serikali wa ng'ambo, watakutana darajani, warudishiane. Mbuzi wao kwa mbuzi wetu, kichwa kwa kichwa. Nami katikati natafsiri, kwa sababu yule anajua Kifaransa na Kiswahili, huyu Kiingereza na Luganda. Miaka yote ile ya shule, kumbe nilikuwa nasomea mbuzi.

Jumatano, 3 Machi

Otim amekuja!

Mchana kweupe, saa ya chakula, kabeba kuku kwapani kama mtu anayekwenda ukweni. Mdogo wangu, kitindamimba wetu, askari wa jeshi — amevaa koti la mtu mwingine, limemzidi. Nilimvuta ndani hata kabla ya salamu.

Tangu serikali ipinduliwe Januari, kambini kwao Waacholi wanaitwa majina asubuhi, na walioitwa hawarudi. Wenzake wa chumba wote wameitwa. Yeye hakungoja zamu yake. Treni ya mizigo mpaka Kasese, halafu lori la samaki, akashushwa Kikorongo, akapata lori jingine. Alinieleza haya yote akimenya mhogo, bila kuinua macho. Mikono yake imekonda. Naogopa. Wacha niandike wazi: naogopa sana.

Anataka kuvuka aingie Kongo, ajichanganye na wafanyabiashara wa kahawa mpaka Butembo, apotee huko. Nimekataa. Hii ndiyo kazi yangu, naijua! Nimewaona wanaojificha. Siku wakikamatwa hakuna anayejua ni nani, wanasukumwa kurudi walikotoka kabla ya chai ya saa nne. Lakini aliyejiandikisha ana faili. Mtu mwenye faili hapotei hivi hivi. Nikamwambia: ukivuka tu, nenda moja kwa moja kwa komisera, taja jina lako kamili na namba yako ya jeshi, omba hifadhi.

Akasema mimi naamini karatasi kuliko watu.

Nikamjibu karatasi hailewi.

Alhamisi, 4 Machi

Usaili jikoni. Nilijifanya komisera, sufuria kichwani badala ya kofia. Kwa nini ulitoroka jeshi? Umeua mtu? Una ndugu gani ng'ambo? Otim alijibu vizuri, ila anajibu haraka mno, kama yuko gwaride. Nimemfundisha kupumua kabla ya kujibu. Nimemfundisha pia neno *asile*, ndiyo hifadhi kwa Kifaransa. Analitamka kama mtu anayepiga chafya. Tulicheka mpaka nikafunika mdomo kwa kanga, majirani wasisikie. Sikumbuki mara ya mwisho tulicheka hivyo.

Tumekubaliana jambo moja: huko asinitaje. Akiulizwa ndugu, wako Gulu.

Ijumaa, 5 Machi

Amevuka. Siku ya soko hakuna anayemwangalia mtu mwenye mzigo wa samaki wakavu kichwani. Nilikuwa darajani na mbuzi wangu, komisera akilalamika kwamba mbuzi wetu mmoja ni kilema. Otim alipita nyuma yake, karibu kabisa. Hakunitazama. Kijana mzuri.

Jumatatu, 8 Machi

Habari njema. Esperance, mke wa Mwalimu Katembo, anauza vitenge pande zote mbili za mto, na hakuna jambo la ng'ambo lisilomfikia. Alimsindikiza mumewe kuja kutia sahihi. Nikauliza juu juu tu, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi: eti kuna askari wetu kaonekana huko?

"Ule musoda mupya? Beko banamulisha muzuri! Alikuya yeye mwenyewe kujiandikisha. Bamemupatia karatasi na blanketi. Anachekaka na kila mutu."

Nilimpigia mwalimu muhuri mara mbili kwa furaha. Akaniambia, "Mademoiselle, moja inatosha."

Siku nzima najisikia vizuri. Nimeona sawasawa, wacha nijisifu, hapa hakuna wa kunicheka. Angenisikiliza mama yetu pia angehama Gulu akae nami hapa, lakini huyo hakuna faili litakalomweza.

Jumatano, 10 Machi

Nitaandika taratibu.

Saa nne komisera alikuja ofisini, peke yake, kofia magotini. Chai, sukari vijiko vingi. Alisifu bougainvillea yetu. Halafu akanigeukia.

"Ambia patron wako hivi. Niko na musoda wenu moja, jina Otim. Alikuya mwenyewe kuomba asile. Nyinyi muko na mwalimu wetu, Katembo. Njo vile tunafanyaka na mbuzi. Vendredi munipatie wangu, mi nawapatia wenu. Bila makelele."

Bwana Yafesi akagonga meza kwa kalamu: anasema nini?

Na mimi nikatafsiri. Yote. Neno kwa neno, kama mashine! Mdomo ulitangulia akili. Nilipofika kwenye jina la mdogo wangu sauti haikutetemeka hata kidogo, ndiyo kazi waliyonifundisha. Nilipomaliza ndipo nilipofahamu kwamba ningeweza kusema kitu kingine chochote. Ningesema anaulizia mbuzi kilema!

Bosi alifurahi kama mtu aliyeokota pesa. Wakubwa wa sasa wanawataka askari waliotoroka, na atakayewaleta atakumbukwa. Yeye anaomba uhamisho wa Entebbe tangu alipofika hapa. Akaniuliza, huyu Otim si Mwacholi? Mtu wako? Nikasema akina Otim kwetu ni wengi kama akina Katembo hapa. Akacheka. Nikajitia kuuliza, na ombi la mwalimu lililoko Kampala? Akasema ombi lisilojibiwa si ombi.

Wakashikana mikono. Ijumaa.

Angejichanganya na watu wa kahawa, leo nani angemjua? Mimi ndiye niliyempeleka mlangoni kwa komisera, na jina kamili, na namba. Nimejitukana njia nzima mpaka nyumbani. Najitukana hadi sasa.

Alhamisi, 11 Machi

Nilitoka kazini mapema, nikasingizia tumbo.

Mwalimu Katembo alikuwa akisahihisha madaftari ya watoto anaowafundisha bure. Nikamwambia bila kuzunguka: kesho watakuja kukuchukua, watakuvusha, ondoka leo. Bila yeye hakuna cha kubadilishana, yeye anapona na Otim anapona. Nilidhani atashukuru. Kumbe!

"Kila lundi mi natiaka sahihi," akasema, na kweli hajakosa Jumatatu hata moja. "Nikikimbia leo, batasema njo kweli nilikuwa muasi. Mi siko mwizi, Mademoiselle. Bakuye."

Nilimpigia kelele. Mtu mzima, mwalimu wa watu, nikampigia kelele nyumbani kwake! Esperance naye akamgeukia.

"Mutu anakuya kukuokoa, weye unamufundisha sheria!"

Akatikisa kichwa tu. Kalamu yake nyekundu bado mkononi. Basi nikasema lile ambalo sikutaka kulisema: yule askari watakayebadilishana naye ni mdogo wangu, tumbo moja.

Esperance ndiye aliyeuliza.

"Njo weye ulimutuma kwa komisera?"

"Ndiyo. Mimi."

Hakunisuta. Aliniangalia kwa huruma, na afadhali angenitukana.

Mwalimu alivua tai yake, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Akasema basi wataenda. Wana mtu wao Nyakalengija, anayetafuta wapagazi wa kupanda mlima na wazungu. Mwalimu wa hesabu, kubeba mahema ya watu! Esperance alikuwa ameshaanza kufunga vyombo. Mlangoni mwalimu akanishika mkono.

"Na kama jibu ya Kampala inakuya lundi, na mi siko?"

"Nitakuwekea."

Asiyetia sahihi, faili lake linafungwa. Sikumkumbusha. Anaijua sheria hiyo, mimi ndiye niliyemsomea. Nililia njiani, mbele ya watu wanaotoka shambani, wala sikujali.

Ijumaa, 12 Machi

Naandika ndani ya Land Rover, karibu na daraja. Nimelichukua daftari hili badala ya lile la kazi. Bosi amesimama nje kivulini, akinitazama anaona mkalimani anajiandaa.

Asubuhi askari walirudi mikono mitupu. Nyumba ya mwalimu wazi, majivu ya baridi. Bwana Yafesi alinitazama kwa muda mrefu. Halafu akasema twende hivyo hivyo: nimwambie komisera atukabidhi askari leo, mwalimu tutampeleka wiki ijayo.

Sawa, bwana. Nitamwambia!

Nimepanga maneno tangu Bwera mpaka hapa. Hawa wawili hawaelewani hata neno moja, kila kitu kinapita kwangu. Komisera nitamwambia Kampala imejibu, mwalimu sasa ni mkimbizi halali, hawezi kutolewa, samahani sana. Bosi nitamwambia komisera hatoi chake bila kupokea. Mbuzi kwa mbuzi, si ndiyo desturi yao wenyewe? Kila mmoja atamwona mwenzake mkaidi, watashikana mikono kwa hasira, tutarudi nyumbani. Juzi mdomo ulitangulia akili. Leo akili imetangulia.

Ila sharti ni moja tu: watu wasijue Otim ni nani kwangu. Naomba Mungu wawe wamemwacha ofisini kwao mpaka mambo yakubaliwe.

Soko limejaa. Ndizi, sabuni, vitenge, kelele. Lori la komisera linashuka upande wa pili. Limesimama. Komisera ameshuka, kofia kichwani leo.

Wamemleta.

Hawakumfunga. Wamempa shati safi, wamemnyoa. Anatembea katikati ya askari wawili akizungumza nao, mmoja anacheka. Hajui! Hawakumwambia kitu. Anadhani wanamtembeza sokoni, au sijui anadhani nini. Bosi anaweka kofia yake sawa. Nishuke. Nitashuka sasa hivi.

Otim ameniona.

Usiite. Otim, usiite.

Ameinua karatasi yake juu ya kichwa, ile aliyopewa, muhuri unaonekana mpaka huku. Anaipeperusha nione kwamba alifanya kama nilivyomwambia. Anacheka meno yote nje. Anaita. "Lakot! Lamera!" Mara mbili, mara tatu, watu wa soko wanageuka.

Lakot, jina langu, bosi amelisikia mwenyewe, halihitaji mkalimani. Amekuja dirishani. Anataka kujua hilo la pili maana yake nini.

Lamera, kwa lugha yetu, ni "dada yangu".

Siinui kichwa, naandika tu. Ameuliza tena, polepole, na mkono wake uko juu ya mlango. Anasubiri nimtafsirie.