Mitutu Inayolia Darini

Inzino, wiki ya Mtakatifu Martino

Mwanangu Ezio,

Salamu nyingi zikufikie huko Torino, wewe na mkeo Loredana na mjukuu wangu Noemi. Kikohozi chako kimepona? Kama hakijapona ni kwa sababu unatembea kifua wazi kama kijana, na upara huo. Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yanagoma. Baba yako mwili wake ni mzima. Anakula, analala, na asubuhi ananisalimu kwa adabu kama mgeni wa hoteli.

Barua yako nimeipata, nimeisoma mwenyewe. Unasema mnunuzi kutoka Milano atakuja Jumamosi kuchukua bunduki zote za baba yako, na kwamba nafasi imepatikana katika nyumba ya wazee kule Brescia. Umepanga vizuri sana. Kuniuliza tu ndiko ulikosahau.

Sikatai kwamba mwezi wa tisa alitutia hofu. Alitoka mchana kweupe na ile bunduki ya marisau yenye nyundo mbili, akakutwa juu msituni, nyundo zote mbili zimevutwa nyuma, risasi ndani, anamuuliza mama wa posta kama amemwona mbwa wake Lampo. Lampo tulimzika ukiwa bado shuleni. Yule mama alikuwa na akili, akamwambia mbwa yuko nyumbani anakula, twende. Jioni hiyo hiyo mkuu wa kituo cha polisi, Cusumano, akaja na kuzibeba bunduki zote. Aliniambia kwa upole kwamba zisirudi humu zikiwa hai: ziuzwe, au zitobolewe zisiweze kufyatua risasi tena milele.

Sasa nikueleze ambalo hukuliona, kwa maana ulikuja Jumapili moja, ukanywa kahawa, ukaangalia saa. Bunduki zilipoondoka, baba yako aliondoka nazo. Alikuwa anasimama mbele ya kabati la chuma lililo tupu, anapapasa rafu. Polenta ilipoa mezani. Aliniita mama wa watu, akaniuliza karakana inafunguliwa saa ngapi. Nilimwambia we Bortolo, karakana yenu ya bunduki wameigeuza kuwa duka la matairi, kaa ule. Akaniomba radhi. Baba yako, kuniomba radhi mimi! Hapo ndipo nilipoogopa.

Kisha siku moja nilikuwa natundika lile sufuria la shaba ukutani, mwiko ukaligonga. Likalia, sauti ikatambaa jikoni polepole kama ukungu unaopanda kutoka mtoni. Baba yako akainua kichwa. Akasema wazi kabisa, kwa sauti ya zamani, kwamba lehemu imeachia upande wa kushoto, lirudishwe kwa fundi. Akavuta sahani, akala.

Wewe ulikulia hapa, unajua alivyokuwa akifanya akiletewa bunduki kuukuu ya mitutu miwili. Wenzake walitazama nakshi, walitazama mti wa jozi wa kitako. Yeye aliifungua, akaitundika mitutu kwenye uzi, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akafumba macho. Mitutu ikiwa imeungwa vizuri hulia kama kengele ya kijiji cha pili. Alizinunua kwa sikio. Nyumbani hapa niliolewa na mwanamume mwenye mikono myeusi kwa mafuta, na kila alasiri kulikuwa na mlio huo unaelea chumba hadi chumba, hata unga wa polenta nilikoroga kwa mapigo yake. Kumbe mtu huyo kufyatua hakukuwa na maana kwake. Alitaka kusikiliza.

Basi kaa chini, Ezio, na umwambie Loredana naye akae, maana najua anasoma begani kwako. Huyo mtu wa Milano asipande basi bure. Hakuna cha kununua.

Nilikwenda kwa Cusumano, nikaweka kidole na sahihi alipotaka, ili zitobolewe. Kisha nikaenda kwa Gelmi fundi bunduki. Alikataa. Alisema Santina, afadhali unikate dole gumba, watu wa fani hii watatema mate mlangoni kwangu. Nikamwambia wateme, utapiga deki. Nikamuuliza yeye akizeeka angependa kufungiwa Brescia na televisheni. Alifunga mlango wa karakana, akavua kofia, akashika keekee. Mitutu yote imetobolewa na kuchomelewa. Vitako na mitambo vimebaki kwake, vimevunjwa. Mkusanyaji yeyote wa bunduki akiiona sasa atalia.

Na ile ya babu yako, ya chuma cha kusuka, yenye ndege wa mdomo mrefu aliyechongwa ubavuni, uliyoahidiwa tangu ukiwa na meno ya maziwa, nayo pia. Nilitaka kuiacha. Niliipakata kule kwa Gelmi, nikawaza uso wako. Lakini ndiyo yenye sauti nzuri kuliko zote. Nilichagua baba yako. Nikasirikie mimi, usimkasirikie Gelmi.

Mitutu yote nimeitundika darini, kwa kamba za katani, kwenye boriti zile zile tunazokaushia soseji. Baada ya kahawa ananyanyuka mwenyewe, anapanda. Jua la kusini linaingia kwenye kidirisha, mitutu inazunguka taratibu, na yeye anapita katikati yake kama mtu anayepita kwenye shamba la mahindi marefu, anagonga huu, anasikiliza, anagonga ule. Mmoja umekuwa bubu baada ya kutobolewa. Aliugonga akatikisa kichwa, akaniambia huyu ana mafua, mpe maziwa ya moto.

Jana aligonga ile yako. Sauti imeshuka kidogo, lakini ni ndefu. Alisubiri mpaka ikafa kabisa. Akaniambia, bila kunitazama, kwamba nyingine zote naweza kuwaonyesha wateja, ila hii nisiionyeshe, ni ya kijana wake.

Usijidanganye, ukija hatakujua. Atakuita bwana, labda atakuuliza bei. Njoo hivyo hivyo. Nafasi ya Brescia wampe mwingine.

Msalimu Loredana, mwambie supu yangu haihitaji vidonge vyake vya viungo. Noemi mbusu mashavu yote mawili, mje naye Krismasi, apande darini na babu yake. Vaa skafu.

Ni mimi mama yako,
Santina