Mtandao Wetu Wenyewe Ndani ya Basi

Egesho la Magari,
Nyuma ya Hospitali,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, si umesimama jikoni kwa mguu ule ule uliokatazwa kuusimamia. Goti linaendeleaje? Na presha? Dawa unameza zote, au bado unachagua zile ndogo ndogo? Baba mdogo naye, kifua kimemwachia? Mimi mwili wangu mzima, namshukuru Mungu kwa hilo, maana nikilala na mimi hapa, sijui nani atamwamsha nani.

Usishangae kupata karatasi. Simu yangu naiogopa siku hizi. Kama mwezi uliopita ulipokea ujumbe wowote kutoka kwangu, hasa wenye adabu nyingi na maneno matamu, ujue kabisa si mimi. Nitakueleza.

Kwanza mkweo. Yuko hai, anakula, anabisha. Lakini kutoka kiunoni kwenda chini bado hakuna kitu. Tangu aanguke kwenye jukwaa akichomelea lile daraja, madaktari wanasema tusubiri, na sisi tunasubiri. Basi letu, hii nyumba ya magurudumu tuliyozunguka nayo daraja hadi daraja, nimeliegesha hapa ili iwe rahisi kumpeleka mazoezi ya viungo. Nimeng'oa meza ya kulia chakula ili kiti chake kipite. Asubuhi namgeuza, namsugua mgongo, namvalisha. Ananitania kwamba namkunja kama shati. Nacheka naye. Halafu nashuka, nazunguka nyuma ya basi, najifanya nakagua tairi mpaka macho yakauke.

Sasa tunaishi kwa kazi yangu mimi. Unajua ukalimani wangu ulivyo: mgonjwa yuko hospitali fulani, nchi fulani, anajua Kiswahili tu, daktari wake hajui hata neno moja, wananipigia kwa mtandao, nami naunganisha midomo yao. Sheria ni mbili. Ninachosikia kinabaki kwangu. Na ninasema kama yule anayesema. Mgonjwa akisema "naumwa," sisemi "anasema anaumwa," nasema "naumwa." Kwa siku moja naweza kuwa mjamzito, mzee mwenye tezi dume na daktari wa meno.

Tatizo ni mtandao. Tuko shimoni hapa, nyuma yetu mwamba, mbele yetu ghorofa za wodi, simu haishiki kitu. Kilichopo ni Wi-Fi ya egesho, ya kila mtu: madereva wa magari ya wagonjwa, ndugu wanaosubiri, wapita njia. Unafungua ukurasa wao, unakubali masharti, unaingia. Nilikuwa naifanyia kazi hiyo hiyo, kompyuta mlangoni mwa basi inakoshika kidogo, nikijua si sawa, kwa kuwa sikuwa na nyingine.

Mwizi naye alikuwepo. Alitengeneza mtandao wake, akaupa jina lile lile la egesho, nami nikaingia humo mzima mzima nikaandika neno langu la siri la kazini, ambalo ndilo hilo hilo la ujumbe wa simu yangu. Sikuhisi chochote. Kesho yake nilikuwa kwenye simu na mama mmoja, mwanawe anatetemeka mikononi mwake, daktari anauliza amempa dawa gani na kiasi gani. Yule mama akaanza, "Nimempa..." Simu ikakatika. Kompyuta ikaniambia akaunti yangu imefungwa. Nilipiga kelele ndani ya basi, Mama Mdogo. Niligonga ile kompyuta kama mlango wa nyumba inayoungua.

Msimamizi wangu wa kazi alinipata baadaye kwa simu ya ofisi ya walinzi. "Umeingia kutoka sehemu mbili kwa wakati mmoja," akasema. "Mmoja kati yenu si wewe." Nikamuuliza habari za yule mtoto. Akasema alipewa mkalimani mwingine, zaidi ya hapo hajui, na hata angejua asingeniambia. Halafu akanipa masharti: mpaka Ijumaa niwe na mtandao wa peke yangu, uliofungwa, naye ataukagua mwenyewe. La sivyo tuagane kwa amani. Sijui amani gani hiyo.

Tangu siku ile sikulala vizuri. Naota sentensi isiyokwisha. Mchana nikimlisha mkweo, kijiko kinasimama hewani. Aliniuliza mara moja tu, kisha akanyamaza, nami nikajua anajihesabu yeye ndiye mzigo. Hilo liliniumiza kuliko la msimamizi.

Yeye ndiye aliyesema tutafute ruta ya safari. Ni kidude kama kipande cha sabuni. Upande mmoja kinapokea Wi-Fi ya egesho, upande wa pili kinatoa yako, yenye jina lako na neno lako la siri, ya humu ndani tu. Juu yake unawasha kitu kinaitwa VPN. Mkweo alinieleza hivi: ni bomba, maneno yako yanapita humo mpaka yatokee mbali, na aliyekaa njiani kukuibia anaona bomba, haoni maji. Muuza vifaa vya simu mtaa wa pili alikuwa nayo moja, na antena yake.

Sikujua kwamba basi ni sufuria. Bati lote lile linazuia mawimbi. Ruta ikawekwa ndani, haikuona kitu. Antena lazima ikae juu ya paa, na waya ushuke kwa tundu. Nani atoboe? Nilipanda ngazi mimi, na drili ya mkweo, yeye kitandani anapaza sauti dirishani.

"Usiikandamize! Iache ijilie yenyewe!"

"Inateleza!"

"Ipige alama kwanza kwa msumari. Mke wangu, hilo ni paa, si nazi!"

Mlinzi wa egesho akaja mbio kuniuliza kama nina kibali cha kupanda juu. Nikamwambia mume wangu haoni mbingu akiwa amelala, nataka nimtobolee apate ya kwake. Akaduwaa, akanishikia ngazi.

Waya ukashuka, tukaziba tundu kwa gundi ya mabomba, ruta ikaiona Wi-Fi ya egesho vizuri kabisa. Nikabadilisha neno la siri la kiwandani, nikawasha VPN, nikaiambia isiruhusu chochote kupita nje ya bomba. Nikakaa kitako kusubiri. Hakuna. Taa inawaka, jina la mtandao wetu lipo, lakini hakuna kinachofunguka. Nikazima, nikawasha. Nikarudia tangu mwanzo. Nikaisoma ile karatasi ya maelekezo mpaka herufi zikaanza kutembea. Ilikuwa Alhamisi na jua linazama. Hapo maji yakanifika shingoni. Niliketi sakafuni kati ya kiti chake na jiko, nikalia kwa sauti, sikwenda tena kwenye tairi.

Mkweo hakunibembeleza. Aliuliza polepole, "Ule ukurasa wa kukubali masharti umeufungua saa ngapi?"

"Haujatokea."

"Utatokeaje? Umefunga mlango, na wa kukupa ruhusa ya kupita yuko nje anabisha hodi. Zima hiyo VPN kwanza."

Nikaizima. Nikaufungua ukurasa wa egesho kupitia ruta yetu, ukatokea na matangazo yake yote. Nikakubali. Nikaiwasha VPN. Mtandao ukafunguka kama bomba lililokuwa limeziba. Mama Mdogo, mkweo alicheka. Hajacheka vile tangu daraja. Sasa kila asubuhi ndiyo kazi yake ya kwanza: anazima, anakubali masharti, anawasha, ananiita, "Ofisi iko wazi!"

Ijumaa msimamizi alikagua, akasema sawa. Nikarudi kazini. Ningeweza kuishia hapa ukanifurahia, lakini sikukuandikia kwa hilo.

Juzi nilikuwa na simu. Nani na wapi sisemi. Mume mmoja, mke wake anaingizwa chumba cha upasuaji, daktari anamweleza yanayoweza kutokea, mabaya na mazuri. Mimi nimevaa vipokea sauti, nimempa mkweo mgongo. Alihitaji chupa ya kukojolea. Hakutaka kunisumbua. Akajinyoosha aichukue mwenyewe kwenye rafu, akaanguka.

Niligeuka nikamwona sakafuni, shavu kwenye mpira wa sakafu, mkono mmoja ameulalia. Nikainua kiuno kwenye kiti. Yeye akatoa mkono wa pili, akaweka kidole mdomoni. Kisha akanionyesha kompyuta: endelea.

Nikaendelea. Mungu anisamehe, niliendelea. Sauti yangu haikutikisika hata kidogo. Nilimwangalia pale chini na mkojo ukimlowesha, yeye akiniangalia, kidole bado mdomoni. Na yule mume sikioni mwangu akamwambia daktari kwamba anaogopa, kwamba hana mtu mwingine, kwamba asiambiwe habari za asilimia, aambiwe tu kama atarudi naye nyumbani. Nami nikasema, kama sheria inavyotaka: "Naogopa. Sina mtu mwingine." Lugha ya wale madaktari mkweo anaijua ya kuombea nyundo tu kwa wahandisi, lakini hayo maneno aliyaelewa. Machozi yakamtoka yeye, mimi nikabaki mkavu.

Simu ilipokwisha nilimvuta, nikamsafisha, nikamrudisha kitandani. Bega limevimba, halijavunjika. Akaniuliza, "Ulikuwa unasema wewe au yule bwana?"

Nikamwambia yule bwana.

Akasema, "Sawa." Akaugeukia ukuta.

Nilimdanganya, Mama Mdogo. Nilikuwa nasema mimi pia.

Basi, nimejikaza kisabuni mpaka sabuni imeisha. Nakuomba uje. Najua goti, najua safari ni ndefu, najua uliwahi kusema hutalala kamwe ndani ya gari kama mzigo. Nitakupa kitanda cha mbele, ni kipana, nami nitalala chini. Hutainua mtu, nitamwinua mimi. Nataka tu awepo mtu wa kumpa chupa nikiwa kwenye simu. Na nikishuka kwenda nyuma ya basi, awepo mtu wa kuniita nirudi. Kama huwezi, usinitungie sababu, niambie huwezi, nitaelewa.

Unisalimie baba mdogo, Bibi Miwani jirani yenu, na Bonge, huyo anayejifanya mpwa mwema, mwambie apige hata simu ya walinzi. Wasalimie na mapacha, sijui sasa nani mrefu.

Mungu akulaze salama usiku na akuamshe bila maumivu. Nakusubiri, ukija au ukikataa.

Ni mimi mwanao, nikupendaye kwa moyo wote,

Chiriku