Hakukuwa na Ng'ombe Barabarani

Mdogo wangu Kadenge,

Hapa Minjila mvua imenyesha, mahindi yako yamesimama vizuri.

Nasikia huko hospitali unaapa utamlipisha Jilo, eti ng'ombe wake walikatiza barabara ndio trela ya pikapu ikapinduka. Wacha! Hakukuwa na ng'ombe. Wewe ulikaa juu ya mzigo, hukuona mbele, nikakudanganya.

Ulisema, "Kaka, simiti weka mbele. Ikijaa nyuma trela itayumba." Nikakuita mwoga. Ilipoyumba ukapiga kelele, "Achia mafuta polepole, usiguse breki!" Mwoga nikawa mimi, nikakanyaga breki kwa nguvu.

Najichukia! Na wewe unanitia hasira, kila simu unanishukuru eti nilikubeba hadi hospitali. Usinishukuru tena. Leo naenda kwa Jilo kumwambia mwenyewe.

Aliyekuvunja mguu,
Kaka yako Kalama