Sufuria Moja kwa Nyumba Mbili

Bihambwe, Jumatano asubuhi

Kwa Estelle, dada yangu mkubwa, yaya wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Yesu aliyetufikisha leo. Habari za Kashebere? Habari za shemeji, za watoto, na za mguu wako uliokuwa umevimba? Natumaini umeacha kuupaka mawese tu na umekwenda kuuonyesha kwa muganga. Sisi huku tunapumua. Mvua inanyesha kila mchana, viazi vinaoza shambani, na baridi imekuwa kali hata kuku wanakataa kutoka jikoni. Mume wangu Polycarpe anakusalimu. Binti yetu Gentille naye anakusalimu, na kabla sijaendelea nikuambie kwamba Gentille yuko hai, anakula, na ameanza tena kugombana nami juu ya kuchota maji. Soma barua hii ukijua hivyo, usije ukapiga kelele katikati ya soko.

Samy wa pikipiki ndiye atakayekupa barua hii pamoja na maharagi yako. Nimemwambia asishushe mzigo kabla hujasoma, kwa sababu nakujua: ukiyaona maharagi utaanza kuyachambua, na barua itakaa kwenye fundo la kikwembe chako mpaka siku ya kufua. Safari hii usinitumie mawese wala mihogo ya kubadilishana. Ninataka kitu kingine, na ninakitaka kabla ya Jumapili.

Yaya, unakumbuka jinsi mimi na Béata, jirani yangu wa ng'ambo ya mfereji, tunavyopika. Ulikuja Pasaka ukaona, ukacheka, ukasema sisi ni wachoyo wa kuni. Ni kweli, mimi ni mchoyo, na nilijifunza kwako. Maharagi yanakula kuni kuliko kitu chochote nyumbani, na kuni siku hizi zinatoka juu kule kwenye mashamba ya ng'ombe, mahali ambapo mwanamke haendi peke yake. Kwa hiyo maharagi ya nyumba mbili yanaingia sufuria moja. Leo sufuria inakaa kwenye mafiga yangu, kesho kwenye mafiga yake. Mwenye zamu anatoa kuni, mwenzake analeta maji ya majivu ya kulainishia maharagi na majani ya ndizi ya kufunikia. Yakiiva kila mmoja anachota sehemu yake, anakwenda kula na watu wake. Moto wangu ukizimika nachukua kaa la moto kwake, kiberiti tunakiachia matajiri. Yeye ananipa maziwa, mimi nampa mawese yako. Gauni likimbana Gentille linavaliwa na binti mdogo wa Béata, na likichakaa linarudi kwangu kuwa tambara. Nyumbani kwao wanasema lugha yao na sisi tunasema yetu, lakini tangu niolewe hapa sufuria haijawahi kuuliza nani anasema nini.

Sasa nikuambie yaliyotupata. Ulinitumia gunia la mihogo mibichi na ukanielekeza kwa mdomo wa Samy kwamba nisinunue unga wa dukani, niloweke mwenyewe, siku tatu zinatosha, nianike, nitwange, nile. Nilifurahi sana. Nililoweka kama ulivyosema. Siku ya tatu mihogo ilikuwa bado migumu, nikadhani ndiyo ilivyo mihogo ya kwenu. Jua halikutoka, nikaikausha kwenye uchaga juu ya moto, nikatwanga, nikajisifu kwa Béata kwamba nina unga ambao haujanigharimu hata punje moja ya maharagi ya ziada. Béata alitaka kuonja, lakini siku hiyo alikuwa na viazi vitamu ambavyo vingeoza, na wewe unajua mtu kama sisi hawezi kuacha viazi vioze.

Alhamisi iliyopita sufuria ilikuwa zamu ya Béata. Gentille alikwenda kuchota sehemu yetu mchana ule, nikasonga bugali wa ule unga wa mihogo. Polycarpe alikuwa Kirolirwe, anatengeneza ua wa ng'ombe wa watu. Mimi nilikula kidogo tu kwa sababu tumbo lilikuwa halitaki. Gentille alikula bugali kama mtu aliyetoka kulima mlima mzima. Hatukumaliza hata kuosha vyombo, akaanza kusema kichwa kinazunguka. Akatapika. Akajaribu kusimama, miguu ikakataa. Yaya, nimezaa, nimezika, nimekimbia vita na mtoto mgongoni, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kuona mtoto wangu ananiangalia bila kuniona. Nilipiga yowe lililofika mpaka barabarani.

Aliyefika kwanza ni Élie, mdogo wake Polycarpe. Nilimwacha na Gentille nikatoka mbio kumtafuta Samy na pikipiki. Niliporudi, Élie alikuwa amesimama mlangoni na uso mwingine kabisa. Akaniuliza maharagi yalipikwa wapi. Nikamjibu. Akasema, "Njo maana. Mutoto mwenyewe amenisemea. Iko karuho." Unaijua hofu ya karuho, sumu ile inayosemwa kwamba jirani anakutilia chakulani huku anakuchekea. Sikuwa na nafasi ya kubishana, nilimfunga Gentille kwa kikwembe katikati yangu na Samy, tukashuka kwenye kituo cha afya. Élie alibaki, na yeye akashika njia akilitangaza neno hilo nyumba kwa nyumba.

Muuguzi alimpa Gentille dawa na maji ya sindano, halafu akaniuliza alichokula, kimoja kimoja. Nilipotaja mihogo ya kutoka kwenu Walikale akanikazia macho. Aliuliza kama ni ile michungu, kama ililainika kabla ya kuanikwa. Ndipo akanieleza, na mimi nikajisikia mjinga: mihogo yetu ya hapa ni mitamu, tunaichemsha hivi hivi, lakini ile ya kwenu ina ukali ambao lazima utoke majini, na maji ya baridi ya milima hii hayaivishi mihogo kwa haraka kama maji yenu ya joto. Siku tatu za Kashebere si siku tatu za Bihambwe. Béata na watoto wake walikula maharagi yale yale pamoja na viazi vyao, na hakuna aliyepiga hata chafya.

Nilirudi kesho yake na mtoto wangu anayetembea, nikiwa na furaha ya kwenda kuwaeleza watu. Yaya, nilichelewa. Mabati ya Béata yalikuwa yamepigwa mawe, na sufuria yetu, ile kubwa tuliyochangia wote wawili, ilikuwa imetobolewa kwa panga na kutupwa mferejini. Béata alikuwa amejifungia ndani na watoto. Kapita, mkubwa wa kijiji, alikuwa amefika na kusema kwamba yeye hamfukuzi mtu, lakini ikifika Jumapili hii inayokuja baada ya ibada na mama huyo bado yuko hapa, hatajibu kwa yale vijana watakayofanya. Vijana wenyewe wanapita na vidumu vya petroli mchana kweupe, wanacheka.

Nilikwenda kwa kapita na unga wangu. Nikamweleza maneno ya muuguzi. Élie akasema muuguzi ni mtu wa kabila la Béata, atasema nini kingine? Nikachukua kuku wangu wa mayai, yule mwekundu niliyekunyima Pasaka, nikamlisha ule unga mbele yao wote. Kabla ya jioni kuku alikuwa amekufa. Nikasema, haya, mmeona. Élie akasema, "Ameroga mpaka kuku." Nilitaka kumpiga na yule kuku. Wakasema Béata amenifumba macho, kwamba namtetea kwa sababu nimekula kwake miaka mingi na sasa moyo wangu si wangu. Polycarpe amerudi, ananiamini, lakini anaogopa kumpinga ndugu yake mbele ya watu. Tangu juzi ananoa jembe ambalo lilikwisha noleka.

Hakuna anayempa Béata moto. Kila asubuhi nachukua kaa kwenye kigae, navuka mfereji watu wakiniangalia, naliweka mlangoni kwake. Jana mtu alilimwagia maji kabla Béata hajafungua. Nikarudi kuchukua lingine. Nimempa na sufuria yangu ndogo, ile ya arusi. Ananiambia nisije tena, nitachomewa na mimi. Ninaogopa, yaya, sitakuficha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenifanya nichukue kalamu. Kila mara ninapobishana na Élie anarudia neno moja tu: mtoto mwenyewe amesema. Na watu wote wanalishika hilo, kwa sababu mtoto mgonjwa hadanganyi. Jumatatu nilimketisha Gentille, nikamwuliza taratibu alimwambia nini baba yake mdogo siku ile. Alilia kwanza. Halafu akanijibu, nami nayaandika kama alivyoyatoa: "Nilisema, mama mukubwa Estelle aliniambia Pasaka nisikule kwa Béata, kwa sababu watu wa kwao wanatiaka karuho mu chakula."

Yaya, ni maneno yako. Ulimwambia nyuma ya jiko ukimsuka nywele. Sina hasira ya kukutukana, ingawa jana nilikuwa nayo na ndiyo maana sikuandika jana. Najua hukuyatunga, uliyasikia barabarani na sokoni kama watu wote. Lakini mtoto alikuwa anazimia, hakujua kilichompata, akashika neno ambalo mtu anayempenda alikuwa amemwekea kichwani. Élie akalichukua hapo, na sasa linataka kuchoma nyumba.

Gentille aliniambia na jingine. Siku ile ya Pasaka Béata alikupakulia, ukamwambia umefunga. Nani anafunga siku ya Pasaka, yaya? Béata alielewa. Hata hivyo alikufungia chakula kwenye jani la ndizi ule njiani, na wewe ulipofika kwenye kijito ukampa mbwa wa Élie. Mtoto alikuwa amekusindikiza, aliona. Mbwa huyo yuko hai. Asubuhi hii ameniibia mfupa.

Ninachokitaka ni wewe. Panda pikipiki ya Samy Jumamosi, nimekwisha elewana naye, atachukua maharagi kama malipo. Jumapili baada ya ibada simama mbele ya kapita useme mambo mawili. Useme mihogo ilitoka shambani kwako, ni michungu, na ulinipa siku za kwenu bila kufikiri baridi ya kwetu. Na useme ulilomwambia Gentille ulilisikia tu, hukuliona kwa macho. Mimi nikisema naambiwa nimefumbwa. Wewe hakuna atakayekuambia hivyo, kila mtu hapa anajua hujawahi kutia tonge la Béata mdomoni.

Najua ninachokuomba. Kesho yake kule Kashebere watasema mihogo ya Estelle inaua, na mihogo ndiyo inayolisha watoto wako. Nimelifikiria hilo mpaka kichwa kikauma. Basi gunia lijalo nitalichukua mimi, mbele ya watu, nitaloweka mpaka ilainike vidoleni, hata kama ni wiki nzima, na nitaila barazani kwangu wakiniona. Nitamwambia Samy alitangaze hilo njia nzima. Soko lako tutalisimamisha tena kidogo kidogo, kama tulivyozoea kusimamisha mambo. Nyumba ya Béata ikishaungua hatuna namna.

Ukimaliza kusema, vuka mfereji pamoja nami. Jumapili ni zamu yake ya kupika. Sufuria ni ndogo lakini nimepeleka maharagi ya watu wote, na yako yamo. Ukae barazani, watu wakuone, na ule.

Béata aliniona naandika, nikamwambia nakuita. Alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, akaniuliza, "Mama Gentille, yaya yako atakuwa anafunga tena?" Nilimjibu hapana. Sijui kama nilimdanganya, ni wewe unayejua.

Wasalimie shemeji na watoto, umwambie mdogo kwamba mama mdogo wake bado anamwekea kile kikombe cha maua. Pole na mguu, uufunge vizuri kwa safari. Samy anapiga honi, naishia hapa. Mungu akuvushe mito yote salama mpaka mlangoni kwangu.

Mimi mdogo wako akupendaye,

Adelaïde, Mama Gentille