Begi la Neema

Alhamisi, 8 Oktoba 1998
Nimemwogesha bibi ninayemtunza kule Arlington, nimebadilisha shuka, nimekimbilia treni. Nimefika kwetu Takoma Park saa kumi na moja jioni. Mgongo unauma. Nimekanda unga wa chapati za safari.

Kesho tunaenda kuwapatanisha Neema na Gideoni. Mimi na mume wangu Elisha, Baba Joni, ndio tuliowasimamia siku ya harusi yao, Dodoma. Wakigombana, kuwakalisha chini ni kazi yetu. Nyumbani ingekuwa mchana mmoja sebuleni. Hapa Marekani kila mtu ana zamu yake ya kazi. Ndiyo maana Elisha amekodi kijumba cha shambani, kule mbele ya Herndon, wikiendi nzima.

Neema amejificha wiki tano kwa rafiki yake. Kwa nani, najua mimi tu. Leo kwenye simu: "Dada Rehema, huyu mtu ataniua." Nikamwambia asitie chumvi, aje. Mabinti wa siku hizi, kofi moja tu wanakimbia ndoa.

Ijumaa, 9 Oktoba
Kijumba cha mawe. Vyumba viwili, jiko la kuni, simu ukutani, kitabu cha wageni mezani. Ng'ombe wa jirani wanachungulia dirishani. Ndege zinazoshuka uwanja wa Dulles zinapita juu ya paa.

Gideoni amekuja na maua. Akapiga magoti mbele ya wote, akalia. Elisha akaomba. Neema hakulia. Alikaa karibu na mlango, begi mapajani.

Kwetu wakishapatana, msimamizi ndiye anayewaingiza chumbani. Nikachukua begi. Neema hakuliachia, ikabidi nilivute. Nikaliweka kitandani kwa Gideoni kwa mikono yangu. Nilijisikia mama wa maana.

Jumamosi, 10 Oktoba
Naandikia kwenye benchi la hospitali.

Asubuhi Neema alitoka amejifunga mtandio shingoni. Ukateleza alipoinama kumimina chai. Alama za vidole. Vinne upande huu, kimoja upande ule. Niliziona. Elisha aliziona. Nikasogeza sahani ya chapati. Mungu anisamehe, nilisogeza chapati.

Gideoni akauliza alikuwa kwa nani wiki zote tano. Neema akaweka birika mezani. Akauliza tena, kwa upole kabisa. Kisha akamshika nywele, akambamiza uso mezani. Mara tatu. Jino liliruka likaangukia kwenye sukari. Elisha akamkamata kiuno, akala kiwiko cha pua, chini. Gideoni akaendelea na mateke.

Nikachukua chuma cha kuchokolea moto. Nikampiga mkono. Nilisikia mfupa. Nikampiga goti, akaanguka, nikampiga tena akiwa chini. Sijutii. Nilitaka kuendelea.

Nikaenda kwenye simu. Elisha, damu puani, akaweka kiganja juu yake.

"Mama Joni, usipige. Watamrudisha Bongo. Wazazi wake tutawaambia nini?"

"Na wa Neema tutawaambia nini? Ondoa mkono."

Hakuondoa. Nikainua chuma. Mume wangu wa miaka kumi na tisa, nikamwinulia chuma. Akaondoa.

Polisi walifika haraka. Wakauliza nani alimvunja mkono. Mimi. Wakauliza kwa nini mwanamke aliyemkimbia mumewe alilala naye chumba kimoja. Nikasema mimi ndiye niliyemweka. Askari aliacha kuandika, akanitazama.

Jumapili, 11 Oktoba
Taya la Neema limevunjika pande mbili. Wamelifunga kwa waya. Mbavu mbili. Ataishi.

Gideoni yuko ndani. Watu wa kanisani wamepiga simu tangu alfajiri. Mama mmoja: "Msimamizi gani anawaitia polisi watoto wake wa ndoa?" Nikamkatia. Elisha halali kitandani wala hasemi. Na asiseme.

Neema hanitazami. Nilipokuwa naondoka aliomba kalamu. Akaandika: *Begi langu. Ulilete wewe.*

Jumatatu, 12 Oktoba
Tumerudi kijumbani kurudisha ufunguo. Nimesugua meza kwa chumvi na maji ya moto. Sukari nimeimwaga. Kwenye kitabu cha wageni watu wamesifia utulivu na ng'ombe. Sikuandika kitu.

Begi lilikuwa palepale nilipoliweka. Halijafunguliwa zipu.

Elisha alitaka kulitia kwenye buti. Nikakataa. Nimelipakata njia nzima.

Wodini Neema alinyoosha mikono, nikampa. Akalikumbatia. Kulikuwa na kiti. Hakunikaribisha, na mimi sikukaa. Nilisimama hapo mpaka muda wa kutazama wagonjwa ukaisha.